Fundi anataka kuifuta laptopu yangu yote na kuweka Windows upya: niokoe nini kwanza?

Mwalimu_Langoni (Ijumaa, saa 3 usiku)

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, na nina laptopu niliyoinunua Mombasa miaka mitano iliyopita ikiwa tayari imetumika. Prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha tano, RAM ni gigabaiti 4, diski ni ile ya kawaida inayozunguka, ya gigabaiti 500, na mfumo ni Windows 10. Kwa miezi mitatu sasa imekuwa nzito kupita kiasi. Nikiiwasha baada ya sala ya alfajiri naweza kuchemsha chai, nikainywa, nikarudi nikakuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye skrini. Mara nyingine hukwama kabisa nikifungua faili fulani, huku taa ndogo ya diski ikiwaka bila kupepesa, na juzi ilinitolea skrini ya buluu mara mbili kwa siku moja.

Niliipeleka kwa fundi wa hapa mjini, naye akaiwasha, akaitazama kidogo, akasema imeshikwa na virusi na dawa yake ni moja tu: kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kazi ya saa mbili. Simshuku, lakini niliomba anipe siku chache, kwa sababu ndani ya laptopu hii kuna kitu ambacho kikipotea hakipatikani tena. Marehemu baba yangu aliacha madaftari ya mashairi na kaswida alizoziandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokuwa wakikiandika Kiswahili. Nilitumia likizo tatu kuyanakili kwenye Word, kwa fonti niliyopewa na rafiki yake ambayo ina pe, che na ve, na kabla hajafariki nilimrekodi akiyasoma kwa sauti yake, faili zipatazo sitini. Madaftari mawili kati ya hayo yamekwisha kuliwa na mchwa tangu wakati ule, kwa hiyo kilichobaki ni kilichomo humu.

Naomba kuuliza. Je, ni lazima kweli kufuta kila kitu? Nikikubali, ni vitu gani vitakavyopotea ambavyo mtu wa kawaida havikumbuki mpaka siku avihitaji? Umeme ukikatika katikati ya kazi, nao hukatika, laptopu itaharibika, maana betri yake haikai hata dakika kumi? Tena nimeambiwa kwamba Windows 10 imeachwa na wenyewe. Je, nirudishe hiyo hiyo, nihamie 11, au kuna njia nyingine? Intaneti yangu ni bando la simu, na kila gigabaiti naihesabu.

Kijana_Mkomani (Ijumaa, saa 3:40 usiku)

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Kwa maoni yangu huhitaji fundi wala flashi. Windows 10 ina njia yake ya kujirejesha yenyewe: ingia kwenye mipangilio, kisha masasisho na usalama, kisha sehemu ya urejeshaji, na utapewa hiari mbili. Ya kwanza huziacha faili zako mahali pake na kuondoa programu zote ulizoziweka. Ya pili huondoa kila kitu. Baadaye itakuuliza kama itumie mfumo uliomo kwenye diski au ipakue mpya kutoka intaneti. Chagua uliomo, kwa sababu kupakua kutakula gigabaiti 4 au zaidi za bando lako. Mimi nimeifanya kazi hii mara nne kwenye laptopu za jamaa zangu na haijawahi kuniangusha. Chagua ile ya kuacha faili na mashairi ya mzee yatabaki salama.

Fundi_Barani (Ijumaa, saa 5 usiku)

Mwalimu, nakuandikia kutoka Malindi, ambako nimekuwa nikitengeneza kompyuta kwa zaidi ya miaka kumi. Kama unasoma haya kwenye simu, tafadhali izime laptopu hiyo sasa, na usiiwashe tena mpaka uwe na mahali pa kunakilia faili zako. Nitaeleza sababu.

Dalili ulizozitaja, hasa kukwama kwenye faili fulani huku taa ya diski ikibaki imewaka, kwa kawaida ni dalili za diski inayokufa kuliko dalili za virusi. Diski ya kuzunguka imegawanywa katika vipande vidogo sana viitwavyo sekta, na sekta ikianza kuharibika, diski huisoma tena na tena ikitumaini kwamba mara hii itafaulu. Kompyuta nzima husimama ikimngoja mwenzake huyo mmoja. Virusi huweza kuifanya mashine iwe nzito, ni kweli, lakini uzito wake kwa kawaida huenea kwenye kila jambo. Hauchagui faili ya Jumatatu ukaiacha ya Jumanne. Ndugu yangu Kijana_Mkomani ameieleza njia ya kujirejesha kwa usahihi, nami naitumia mara nyingi kwa diski yenye afya, lakini kwenye diski kama hii itaandika maelfu ya faili juu ya mahali pabovu, na hiyo hiari ya kuacha faili haina maana yoyote ikiwa kinachoharibika ni hicho hicho kilichozibeba. Wewe ni mtu wa Lamu, utanielewa nikisema kwamba hukalafati jahazi ambalo mbao zake zimeoza.

Kwa hiyo kwanza tupime. Iko programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ni ya megabaiti chache tu, ambayo husoma kumbukumbu za afya ambazo kila diski hujiandikia yenyewe. Tazama mistari mitatu: 05, ambao huhesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5, sekta zinazoshukiwa na kungojea uamuzi, na C6, sekta zilizoshindikana kusomeka. Diski yenye afya huonyesha sifuri kwenye yote mitatu. Usishtuke ukiona namba zimechanganyika na herufi kama A au F, kwa sababu programu hiyo huanza kwa kuonyesha hesabu za msingi wa 16. Kwenye menyu unaweza kuigeuza ikuonyeshe hesabu za kawaida.

Lakini hata kabla ya kupima, okoa. Tafuta diski ya nje au flashi ya kuaminika, na hapa naomba uniamini: ziko flashi za bei ya kutupa ambazo zimeandikwa gigabaiti 64 nje na ndani zina 8 tu. Hukubali kila unachokinakili bila kulalamika, na ukija kufungua unakuta majina ya faili yapo na ndani ni takataka. Baada ya kunakili, ichomoe, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na usikilize rekodi tatu nne mpaka mwisho.

Nakili kwa mpango. Anza na sauti ya mzee, kwa sababu hiyo ndiyo isiyoweza kuandikwa upya; kisha nyaraka za Word; kisha fonti. Usianze na picha za harusi zenye gigabaiti 80 ukasubiri saa nzima huku diski ikichoka. Faili ikikwama, iruke, endelea na nyingine, na uiandike jina kwenye karatasi. Wala usikubali kukagua na kurekebisha diski pale Windows itakapokupendekezea, kwa maana ukaguzi huo huweza kuilazimisha diski kusoma kila pembe yake, na kazi ya mwisho ya diski inayokufa isiwe hiyo.

Sasa kuhusu vitu vinavyosahauliwa, na hili ndilo swali zuri kuliko yote uliyouliza. Fonti ni mfano halisi. Watu hunakili folda ya nyaraka wakadhani wamemaliza, na wakifungua baada ya kuweka mfumo mpya wanakuta mashairi yamekuwa visanduku vitupu au herufi zisizoungana. Fonti za kompyuta yote zimo katika folda ya Fonts ndani ya folda ya Windows, lakini tangu toleo la 1809 la Windows 10, fonti ambayo mtumiaji ameiweka kwa akaunti yake peke yake hukaa mahali pengine: ndani ya folda yako binafsi, kwenye AppData, kisha Local, Microsoft, Windows, Fonts. AppData imefichwa, itabidi uamuru folda zilizofichwa zionekane. Nakili folda zote mbili. Ukiweza, fungua kila shairi ulihifadhi pia kama PDF, kwa kuwa PDF hubeba fonti ndani yake na itasomeka popote hata kama fonti yenyewe imepotea. Hasa kama fonti hiyo ni ya zamani na mtengenezaji wake alizipachika pe, che na ve kwenye namba za herufi nyingine, basi bila fonti hiyo maandishi yako hayatakuwa na maana kwa kompyuta yoyote.

Vingine ni hivi: manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na anwani ulizozialamisha, vitu vilivyo juu ya skrini ya mwanzo na kwenye folda ya vipakuliwa, ambavyo watu huvisahau kwa kuwa wanaviona kila siku, barua pepe kama unatumia programu ya kuzihifadhi ndani ya kompyuta, na namba ya leseni ya programu yoyote uliyoinunua, Word ikiwamo. Leseni ya Windows yenyewe isikutie wasiwasi. Ikiwa mfumo ulikuwa umeamilishwa kihalali, haki hiyo imefungwa kwenye ubao mkuu wa laptopu, kwa hiyo ukiweka upya toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ukaiambia kwamba huna ufunguo kwa sasa, itajitambua yenyewe siku utakayoiunganisha na intaneti.

Jambo moja zaidi kabla sijalala. Laptopu nyingi zilizokwisha tumika zilitoka maofisini, na baadhi yake diski zimefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows. Tazama kwenye paneli ya udhibiti. Ikiwa imewashwa, chukua ule ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48 uuandike kwa mkono, maana bila huo, diski ikitolewa na kuunganishwa kwenye mashine nyingine haitasomeka na mimi wala na fundi mwingine yeyote.

Karani_Mstaafu (Jumamosi, saa 1 asubuhi)

Nami naomba niongeze kisa changu, Mwalimu, kwa faida yako na ya wengine. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado kazini hapa Malindi, niliamua kuweka mfumo upya kwenye kompyuta ya nyumbani. Nilifanya kila alichokisema Fundi: nikanakili faili zote kwenye diski ya nje, nikazikagua, nikaridhika. Kisha nikaanza kazi huku diski ile ya nje ikiwa bado imechomekwa. Kwenye ule ukurasa wa kuchagua diski, hakuna panapoandikwa kwamba hii ni ya nyumbani na hii ni ya akiba. Utaona Diski 0 na Diski 1, na ukubwa wa kila moja. Zangu zote mbili zilikuwa za gigabaiti 500. Nilifuta Diski 1, kwa uhakika wa mtu anayejua afanyalo, na ilikuwa ndiyo yenye nakala. Nilipogundua, nikafuta na hiyo nyingine kwa hasira na haraka. Picha za wanangu wakiwa wadogo nilizonazo leo ni zile tu ambazo shemeji yangu alikuwa amezichapisha.

Kwa hiyo, siku ya kazi, chomoa kila kitu isipokuwa flashi ya kuwekea mfumo. Diski ya nakala iwe kwenye kabati, na kama inawezekana, kabati la nyumba ya pili.

Tena, wewe ni mwalimu, na bila shaka mna alama na taarifa za wanafunzi humo. Diski ya zamani usimwachie mtu, wala usidhani kwamba kuifomati kwa haraka kumefuta kitu. Fomati ya haraka huondoa fahirisi peke yake. Yaliyomo hubaki pale pale mpaka yaandikwe juu, na programu za bure za kuyarudisha zimejaa. Fomati kamili, tangu wakati wa Windows Vista, huandika sifuri kwenye diski nzima, na hiyo inatosha kwa diski ya kuzunguka isiyoharibika. Iliyokufa haiwezi kuandikwa, kwa hiyo dawa yake ni nyundo. Lakini vaa kitu machoni, kwa sababu sahani za ndani za diski nyingi za laptopu ni kioo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa za watoto zimetajwa humo kwa uzito wake.

Mwalimu_Langoni (Jumapili, saa 10 jioni)

Ndugu zangu, nawashukuru mno, na kwa Mzee Karani, pole kwa yaliyokupata. Nimeazima diski ya nje kwa mwenzangu wa shule na nimekesha nayo. Kwanza nilinakili rekodi: hamsini na nane kati ya sitini na moja zimetoka salama, na nimezisikiliza kadhaa kwenye kompyuta ya shule. Tatu zinakwama, moja inafika karibu asilimia 40 kisha inasimama, na diski inatoa mlio mdogo kama mtu anayegonga kucha kwenye meza. Nimezitaja kwenye karatasi kama nilivyoambiwa. Nyaraka za Word zimetoka zote. Fonti sikuiona kwenye folda ya Windows, nikaanza kutetemeka, kisha nikaikuta kwenye ile folda iliyofichwa, pale pale ulipoitaja.

Nilipopima, mstari wa 05 ulinionyesha 1,480 na C5 ukanionyesha 96. Programu imeweka neno la tahadhari kwa rangi ya njano. BitLocker haijawashwa. Katikati ya kunakili umeme ulikatika mara moja na laptopu ikazimika papo hapo, lakini ilipowaka faili zilikuwapo. Nifanye nini sasa, na je, zile tatu nizikatie tamaa?

Fundi_Barani (Jumapili, saa 2 usiku)

Usizikatie tamaa, lakini pia usizijaribu tena kwenye Windows. Hizo namba zinatosha: diski hii haistahili mfumo mpya. Hata fundi wako akiifuta leo kwa saa mbili, utarudi kwake baada ya wiki chache, na safari hiyo bila mashairi.

Nunua SSD ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, gigabaiti 240 zinakutosha, pamoja na kasha la USB la kuwekea diski ya zamani. SSD haina kinachozunguka, na tofauti utakayoiona kwenye laptopu ya umri huo ni kubwa kuliko ambayo mfumo wowote mpya ungekupa. Pesa ikiruhusu, ongeza RAM ya gigabaiti 4 nyingine. Kwa kizazi cha tano kwa kawaida ni aina ya DDR3L, lakini fungua uitazame iliyomo kabla hujanunua. Wakati umeifungua, tazama pia viunganishi: kwa hewa ya chumvi ya visiwani nimewahi kuona vilivyoota ukungu wa kijani, na RAM nyingine iliyoletwa kwangu kama maiti ilifufuka kwa kusuguliwa meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli.

Kwa zile faili tatu, diski ikishakuwa nje ndani ya kasha, iunganishe na kompyuta inayoendeshwa na Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, na utumie programu ya ddrescue. Yenyewe huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zile mbovu, na kuzirudia mwishoni kwa subira, huku ikiandika daftari la ilipofika ili ukikatizwa na umeme iendelee pale pale. Elekeza nakala yake kwenye diski nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo ya zamani.

Kuhusu umeme ulipouliza mwanzo: ukikatika wakati mfumo unawekwa, laptopu haiharibiki. Utakuwa na mfumo nusu usiowaka, na utaanza upya kwa flashi ile ile. Jambo ambalo umeme hautakiwi kukatika kabisa ni kusasisha BIOS, ile programu ya kuwashia iliyomo kwenye ubao mkuu, kwani hapo ubao mkuu unaweza kubaki bila akili. Hilo hukuombwa ulifanye, kwa hiyo usiliguse.

Sasa mfumo gani. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji binafsi Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha kupata mwaka mmoja wa ziada, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa yako ni ya kizazi cha tano. Ziko mbinu za kuilazimisha, na mafundi wengine huziuza kama ustadi, lakini mimi siziwekei wateja wangu, kwa sababu hakuna aliyeahidi kwamba sasisho lijalo litaikubali mashine hiyo.

Ukirudi kwenye Windows 10, tengeneza flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa chombo cha Microsoft chenyewe, kwenye kompyuta ya shule ili kuokoa bando. Kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutwa. Iwashe laptopu huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwa Dell na Lenovo kwa kawaida ni F12, kwa HP ni F9. Ukifika kwenye orodha ya diski, SSD mpya itaonekana kama nafasi tupu isiyogawanywa: ichague nzima na uendelee, wala usihangaike kuigawa wewe, mfumo utajikatia vipande vyake vidogo unavyovihitaji. Ikizima na kuwaka mara ya kwanza huenda ikakuambia ubonyeze kitufe ili ianze kutoka kwenye flashi. Usibonyeze. Wengi hubonyeza, wanarudishwa ukurasa wa kwanza, na wanaiweka Windows mara tatu usiku mmoja wakidhani imekataa.

Baada ya hapo huenda Wi-Fi isionekane kwa kukosa draiva, yaani programu ndogo inayoiendesha. Unganisha simu yako kwa waya wa USB na uishiriki intaneti yake kwa waya huo. Windows huitambua kama kadi ya mtandao, na draiva iliyokosekana itajitafuta. Lakini mara tu ikiunganika, iambie kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, la sivyo masasisho yatamaliza bando lako kabla hujafungua shairi hata moja.

Kijana_Mkomani (Jumapili, saa 3 usiku)

Mwalimu, naomba radhi kwa ushauri wangu wa kwanza. Ile taa ya diski niliisoma nikaipita tu. Lakini kwa kuwa Fundi ameitaja Linux, acha nilipe deni langu. Nina flashi yenye Linux Mint 22, ambayo itaendelea kupata masasisho hadi mwaka 2029 na ambayo faili yake ya kupakua haifiki gigabaiti 3. Inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako hata kidogo, kwa hiyo unaweza kuijaribu kwa siku mbili, ukaona kama printa ya shule inaitika na kama LibreOffice, mbadala wa bure wa Word, inayafungua mashairi sawasawa, kabla hujaamua lolote. Imejengwa juu ya Ubuntu, na jina hilo nalo halihitaji kufasiriwa kwetu: ni utu wetu huu huu, katika lugha ya ndugu zetu wa kusini. Kwa laptopu yenye gigabaiti 4 itakwenda, ingawa ukifungua kurasa nyingi za kivinjari utajuta.

Niko karibu na wewe. Nitaileta kesho baada ya alasiri, pamoja na bisibisi.

Mwalimu_Langoni (Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 4 usiku)

Nimerudi kutoa habari. SSD ilifika kwa basi hadi Mokowe, na mwenzangu akaivusha kwa boti akiwa ameifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Tuliiweka barazani, Kijana_Mkomani akiwa na bisibisi na mimi nikiwa na sahani ya kuwekea skrubu. Tulichomoa kila kitu, Mzee Karani, hata kipanya. Nimechagua Mint kwa ajili ya kazi zangu, kwa kuwa Word ndiyo pekee niliyoogopa kuiacha, na LibreOffice imefungua nyaraka zote isipokuwa mpangilio wa kurasa mbili za mitihani ambao umeteleza kidogo. Inawaka kabla sijakaa vizuri.

Mashairi yalipofunguka mara ya kwanza yalikuwa vile visanduku. Nilijua sababu, lakini moyo ulishtuka vile vile. Tukaweka fonti, tukafunga, tukafungua, na mistari ikarudi, pe na nukta zake tatu chini. Usiku ule ule niliyahifadhi yote kama PDF.

Ddrescue ilifanya kazi kwa saa kumi na tisa. Faili mbili kati ya zile tatu zimetoka na zinasikika vizuri. Ya tatu inasomeka mpaka dakika ya nne, baba anakohoa, anasema ngoja nivae miwani, kisha kimya. Nimeendesha mara mbili na inakoma hapo hapo. Je, kuna la kufanya zaidi?

Fundi_Barani (Ijumaa, saa 1 asubuhi)

Kwa vifaa tulivyonavyo, hakuna nitakalokuahidi. Ziko maabara zinazofungua diski katika chumba kisichoingia vumbi na kubadilisha vichwa vya kusomea, lakini gharama yake ni kubwa na hawaahidi pia. Kwa sasa usiiwashe tena. Ifunge kwenye mfuko mkavu, weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, andika tarehe juu yake, na uiweke mbali na dirisha la baharini. Karani, nyundo yako isubiri.